Jiwe Linalorudi Pahali Pake
Juu ya wasimulizi wa Uingereza ya kale

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia majina ya mfalme Arthur na mwaguzi Merlin. Lakini masimulizi hayo hayakuanza katika vitabu vya watoto. Yalikaa juu ya mlima fulani, kando ya chemchemi fulani, chini ya jiwe ambalo watu waliweza kulionyesha kwa kidole. Tena wengi walioyaandika kwa Kilatini walikuwa watu wa Eklezya. Kwa hiyo yatupasa kuwauliza: walisimulia namna gani? Nani alisimulia vema, na nani aliharibu?

Tuanze na kitabu kiitwacho Historia Brittonum, kilichoandikwa katika inchi ya Wales yapata mwaka 829. Desturi humtaja Nennius kuwa mwandishi wake. Pamoja na habari za wafalme na vita, imo orodha ya maajabu ya inchi. Katika wilaya ya Builth, asema, liko rundo la mawe, na juu yake jiwe moja lenye unyayo wa mbwa. Ni unyayo wa Cabal, mbwa wa Arthur, aliyelikanyaga siku walipowinda nguruwe mkubwa wa pori. Watu wakilichukua jiwe lile mikononi kwa muda wa mchana na usiku, kesho yake laonekana tena juu ya rundo lake. Katika wilaya ya Ergyng liko kaburi karibu na chemchemi. Humo amelala Amr, mwana wa Arthur, na aliyemwua ni baba yake mwenyewe. Ukilipima kaburi lile, mara lina futi 6, mara 9, mara 12, mara 15. Halirudii kipimo chake. Mwandishi ashuhudia ya kuwa amelipima yeye mwenyewe.

Hayo tu. Hasemi kwa sababu gani baba alimwua mwanawe. Angeweza kubuni ugomvi, au mwanamke, au usaliti, na watu wangemsikiliza kwa hamu. Alinyamaza, na kimya kile kina uzito: msomaji aona mwenyewe ya kuwa tendo la namna ile halina kipimo. Hiyo ndiyo sifa ya msimulizi huyu. Alipokea neno pahali pale, akalitaja na jina la pahali pake, akaliacha.

Yapata mwaka 1136 akatokea fundi mwingine, mwenye akili na ulimi mtamu kuliko yule. Ndiye Geoffrey wa Monmouth, aliyewekwa kuwa askofu wa Saint Asaph mwaka 1152. Kitabu chake juu ya wafalme wa Britania kilipendwa sana, hata leo nakala za mkono zaidi ya 200 zimebaki. Lazima tukiri uwezo wake. Tusome habari ya Stonehenge, yale mawe makubwa yaliyosimama katika uwanda wa Salisbury. Mfalme Aurelius ataka ukumbusho kwa ajili ya wakubwa wa Wabritania waliouawa na Wasaksoni kwa hila. Merlin amshauri achukue mawe ya mlima Killaraus huko Ayalandi. Asema majitu ya zamani waliyaleta kutoka pembe za mwisho za Afrika, na maji yaliyooshea mawe yale huponya wagonjwa. Watu 15,000 wavuka bahari. Wajaribu kamba, wajaribu ngazi, wapi! Merlin acheka, kisha kwa vyombo vyake ayashusha pasipo taabu. Basi Waafrika wanaosoma kitabu hiki wakute bara lao katika chimbuko la mawe yale; nasi tulitabasamu tulipofika hapo.

Kosa lake liko wapi? Si kwamba alipamba. Msimulizi hupamba, hata bibi zetu jioni penye moto hupamba, na hakuna anayedanganyika. Kosa ni kwamba Geoffrey aliyavika masimulizi vazi la hati. Alidai ya kuwa anafasiri tu kitabu cha kale sana cha lugha ya Wabritania, alichopewa na Walter, arkidiakono wa Oxford. Kitabu hicho hakijaonekana hata leo. Tena aliyatoa masimulizi pahali pake, akayafunga katika mstari mmoja wa wafalme, kuanzia Brutus wa ukoo wa Troya. Katika Historia Brittonum kijana asiye na baba, aliyemfunulia mfalme Vortigern nyoka wawili chini ya ngome katika milima ya Eryri, aitwa Ambrosius. Geoffrey akamgeuza kuwa Merlin, sababu alimhitaji kwa kazi nyingine. Mlima ukawa jukwaa tu.

Mtu atauliza: kuna madhara gani? Tutazame mwaka 1301. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alikuwa akipigana na Waskoti, naye akamwandikia Papa Bonifasi VIII kuonyesha haki yake juu ya inchi yao. Ushahidi wake mmojawapo ulikuwa Brutus, aliyewagawia wanawe watatu kisiwa na kumpa mkubwa enzi. Wa pili ulikuwa Arthur, aliyewatiisha Waskoti. Hivyo hekaya, kwa kuwa iliandikwa kama hati, ilitumiwa kama hati, na watu wenye damu na mashamba walidaiwa kwa neno lake.

Wala asiseme mtu ya kuwa watu wa zamani hawakuweza kutambua. Karibu na mwaka 1198 William wa Newburgh, kanoni wa shirika la Mtakatifu Augustino, alimshtaki Geoffrey waziwazi katika dibaji ya kitabu chake: amechukua hekaya, akazipaka rangi ya Kilatini, akaziita historia. Tena alimlinganisha na Bede, akaona wafalme wale hawana nafasi katika habari za Bede. Twakubali hukumu hiyo. Walakini William hakutuambia masimulizi yenyewe yawekwe wapi baada ya kutolewa katika historia. Alifunga mlango mbaya, asifungue mwema.

Na mawe yenyewe yasemaje? Stonehenge ilianza kujengwa yapata miaka 3000 kabla ya Kristu, kabla Msaksoni yeyote hajakanyaga kisiwa. Mwaka 1923 ilijulikana ya kuwa mawe yake madogo yalitoka milima ya Preseli huko Wales, mbali zaidi ya kilometa 200. Mwaka 2024 wataalamu walionyesha ya kuwa jiwe liitwalo la Altare lilitoka kaskazini-mashariki ya Uskoti, kilometa 700 au zaidi. Hakuna Merlin, kuna watu, na jasho lao, na shauku ambayo hatuijui jina. Ukweli huo haukuondoa ajabu, bali uliizidisha. Asiogope basi mwenye kupenda masimulizi.

Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Mellitus, mmisionari wa Waingereza, ya kuwa mahekalu yao yasibomolewe; sanamu ziondolewe, yanyunyiziwe maji ya baraka, ili watu wapaendee kwa moyo pahali walipopazoea. Hakuagiza kusema ya kuwa mahekalu yale yalikuwa makanisa tangu mwanzo. Tofauti hiyo ndogo ni jambo kubwa. Padri au mkatekista anayesimulia habari ya mlima au ya ziwa, mbele ya watu wanaoukaa mlima ule, aweza kuisimulia kwa furaha yote. Aseme: hivi ndivyo wazee walivyosema, na hapa ndipo walipoonyesha. Asiongeze hati isiyokuwapo, wala asiigeuze kuwa mfano wa dini kwa nguvu.

Geoffrey tumsome, maana ni fundi. Lakini tukitaka mwalimu wa kazi hii, tumchague yule wa kwanza, aliyelijua jiwe linalorudi pahali pake, akaliacha lirudi.