Kutoka Methali hadi Hoja: Insha ya Falsafa na Funzo la Paul Mbuya Akoko

Mwanafunzi wa Kenya anayejiunga na idara ya falsafa huwa ameandika insha kwa miaka mingi. Insha ya methali aliyoizoea katika shule ya upili humtaka atunge kisa kitakachodhihirisha maana ya methali. Ukweli wa methali yenyewe haujadiliwi. Kisa hukamilika pale methali inapotimia. Insha ya falsafa humtaka afanye kinyume: kauli inayoheshimiwa ndiyo ichunguzwe kwanza. Ugumu unaomkabili, basi, si wa lugha tu bali pia ni wa mazoea.

Methali zenyewe zaonyesha ni kwa nini mazoea hayo hayatoshi. "Haraka haraka haina baraka" hukabiliwa na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mwandishi anayeitaja moja na kuinyamazia nyingine hajathibitisha lolote, amemteua tu shahidi anayempendelea. Kazi ya kifalsafa huanza anapouliza ni katika hali gani subira huwa busara, na kwa sababu gani.

Tofauti ya aina hii ndiyo aliyoishikilia H. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika kitabu chake, Sage Philosophy, cha mwaka 1990. Oruka alimtenga mzee mwenye hekima anayeyajua na kuyaeleza mapokeo ya jamii yake na yule anayeyapima mapokeo hayo kwa akili yake mwenyewe. Katika kundi hili la pili alimweka Paul Mbuya Akoko. Mbuya aliikosoa dhana ya Wajaluo kuhusu Mungu pamoja na ile ya Wazungu, akashikilia kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote. Hoja yake, kwa muhtasari, ni hii: lau kungekuwa na miungu mingi yenye nguvu sawa, ingepigana na maumbile yangevurugika; lakini maumbile yana utaratibu, kwani mbwa huzaa mbwa wala hazai paka; kwa hiyo Mungu ni mmoja.

Thamani ya hoja hii kwa mwanafunzi haimo katika hitimisho lake, bali katika umbo lake. Kuna sharti, kuna ushahidi, na kuna hitimisho linalotokana na hayo mawili. Kwa kuwa hatua zote zi wazi, msomaji aweza kuonyesha ni ipi iliyo dhaifu. Je, miungu mingi haiwezi kupatana? Iwapo yaweza, utaratibu wa maumbile pekee hautoshi kuthibitisha kwamba Mungu ni mmoja. Pingamizi hilo halimvunjii Mbuya heshima. Kinyume chake, linamchukulia kuwa mwanafalsafa. Methali haipingiki kwa namna hiyo, kwani haitaji sababu zake.

P. O. Bodunrin wa Nigeria, katika makala yake ya mwaka 1981, alidai kwamba fikra zinazopatikana katika mahojiano ya aina hii ni zao la pamoja la mzee na mtafiti aliyesomea falsafa. Dai hilo lilikusudiwa kumpinga Oruka, lakini kwa mwandishi wa insha lina faida. Ikiwa hoja huzaliwa na swali, basi mwanafunzi aliye peke yake mbele ya karatasi hana budi kuwa mzee na mwulizaji kwa wakati mmoja. Aidha, swali lenyewe liwe zito; pingamizi lililoteuliwa kwa sababu ni rahisi kuliangusha ni pambo tu.

Yamkini hatari kubwa zaidi ni mwanafunzi kuyaacha mazoea ya zamani kwa jina tu. Anayeandika "Plato anasema" au "Kant anasema" kisha akatua, bado anaandika insha ya methali. Alichobadilisha ni wahenga. Ndiyo maana mwalimu anayesahihisha insha ya falsafa hapaswi kuridhika kwa kuona ni nani aliyetajwa. Atafute mahali ambapo kauli ya huyo aliyetajwa ingeweza kuwa na kosa, na aone kama mwanafunzi amefika hapo.