Video ya harusi yenye haina jina la mlima

Bandugu, wengi wetu tumekwisha kupeleka wageni wa harusi kwenye vilima vya Masisi. Programu inafanana kila mara. Kesho yake ya harusi wageni wanapandishwa gari asubuhi, wanateremshwa kwenye malisho, wanapiga picha na ng'ombe, wanaonja fromaji, wanarudi. Mpiga picha anarusha droni. Jioni kila mtu anasema: "Kweli, hii ni Uswisi ya Afrika!"

Leo ninakosoa matembezi hayo, na ninaanza na yangu. Mwaka 2019 njo mimi nilipanga ya familia yetu.

Bibi harusi alikuwa wa kwetu Masisi, bwana harusi wa Walikale. Walikale ni karibu mara tano ya Masisi kwa ukubwa, na sehemu kubwa ni msitu. Baba mukubwa wa bwana harusi alishuka kwenye gari, akaangalia huku na huku, akaniuliza: "Mutoto, miti ya huku ilienda wapi? Na batu banalimaka wapi?"

Nilicheka. Nikamwomba asogee kwa picha.

Lile njo lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile, na mimi mwanafunzi wa kilimo nililipitisha. Vilima vile havikuumbwa na majani. Kulikuwa msitu, ukakatwa kwa ajili ya mashamba na malisho, tangu wakati wa Wabelgiji. Kisha sheria ya mwaka 1973 ikaweka udongo wote mikononi mwa Serikali, na wenye uwezo wakapata karatasi za mashamba makubwa. Mkulima mdogo akabaki na kipande pembeni, penye mteremko mkali, penye mvua inabeba udongo kila mwaka. Ule uzuri wenye tunapiga picha uko na historia, na si ya furaha tu.

Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya. Fromaji ilifurahisha wazee, na hewa ya asubuhi kule juu haina mfano. Lakini kilo moja ya fromaji inaomba karibu litre kumi za maziwa. Nani alikamua? Yule kijana mchungaji tulimwambia atoke kwenye picha, sababu nguo zake hazikuendana na rangi za harusi. Nasikia haya kuandika hivi.

Ubaya wa kazi yetu niliuona mwaka 2024. Shangazi yangu alikuwa amekimbia vita, yuko kambini Bulengo. Aliomba nimuonyeshe ile video kwenye simu. Aliangalia dakika zote. Hakucheka, hakulia. Aliuliza tu: "Shamba langu iko upande gani?" Haikuwemo. Shamba lake la maharagi lilikuwa nyuma ya kilima, na droni ilifuata ng'ombe na gauni. Hakuna jina la kijiji, hakuna njia, hakuna nyumba. Inaweza kuwa mahali popote penye majani.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kupanga harusi, ukipata amani ya kupeleka wageni, fanya mambo matatu. Taja jina la kila kilima mbele ya kamera. Mpe mchungaji na mama mkulima nafasi ya kusema, hata dakika mbili. Na mgeni akiuliza swali, mjibu kabla ya picha.

Wa Walikale na ninyi, mkitupokea, msituzungumzie madini ya Bisie tu. Tupelekeni msituni, kwenye mto Lowa, mtuambie majina ya miti. Baba mukubwa yule angeweza kutufundisha siku nzima. Tulimweka mstari wa nyuma, sababu alikuwa mrefu.