Mzee Aingie Muhula wa Kwanza

Kirewa, upande wa magharibi wa wilaya ya Tororo, Mungu huitwa Were. Neno hilo lina safari yake. Jopadhola wanaolitumia huzungumza Dhopadhola, lugha ya jamii ya Kiluo, na jamaa zao wa kaskazini, Waacholi na Walango, wao walizoea neno jok. Vuka mpaka wa Busia uingie kwa Wasamia, utalikuta Were; endelea hadi Bungoma kwa Wabukusu, nao wanasema Wele. Hao wawili ni watu wa lugha za Kibantu. Mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Padhola kabla ya kuchapisha historia yake ya Waluo wa Kusini mwaka 1967, alieleza zaidi kwamba Jopadhola walimtambua Were kwa sura mbili: Were Madiodipo, wa uani kwa mtu, na Were Othim, wa porini, anayekuwa na mtu akiwa mbali na kwake.

Kwa mwanahistoria, hiyo ni habari ya uhamiaji na ujirani. Kwa anayepanga masomo ya shahada ya kwanza ya falsafa ni tatizo la ratiba. Je, Were huyu wa sura mbili asomwe mwaka wa kwanza, katika mantiki, ili mwanafunzi aulize kama kitu kimoja chaweza kuwa viwili bila kujipinga? Asomwe mwaka wa pili, katika metafizikia? Au asubiri mwaka wa mwisho, kwenye kozi moja ya falsafa ya Kiafrika, mwanafunzi akiwa tayari amejifunza kufikiri kwa mifano ya Athens na Königsberg peke yake?

Mpangilio uliozoeleka Afrika Mashariki una asili inayojulikana. Walimu wengi wa falsafa wa vizazi vya kwanza walipitia seminari, na seminari ina utaratibu wake: mantiki, metafizikia, maadili, kisha historia ya falsafa kutoka Wagiriki hadi Wazungu wa zama za leo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 inaamuru masomo ya falsafa na teolojia yachukue miaka isiyopungua sita kamili, na miwili kamili iwe ya falsafa. Kijana wa Kirewa mwenye wito wa upadri huweza kuanzia St Pius X ya Nagongera, seminari ndogo iliyo jirani, kisha akasoma falsafa katika seminari kuu kama Katigondo. Utaratibu huo una faida kubwa, nayo isibezwe. Unajua unakoelekea, na kila somo linabeba linalofuata. Ila umejengwa kumwandaa mtu kwa teolojia. Chuo kikuu kinachounakili bila kuuliza maswali kinarithi ngazi zinazopanda kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Nairobi ndiko ngazi hizo zilikochongwa upya, na kazi hiyo inastahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Idara ya Falsafa na Masomo ya Dini ya Nairobi ilianzishwa na Stephen Neill, askofu wa Kianglikana aliyefika mwaka 1969. Mwaka uliofuata, chuo cha Nairobi kilipokuwa Chuo Kikuu kamili baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa, aliingia Henry Odera Oruka, kijana wa miaka 26. Alizaliwa Ugenya, Siaya, eneo linalopakana na Busia. Alikuwa ametoka kusoma Uppsala, Sweden, kwa Ingemar Hedenius, mwalimu aliyewataka wanafunzi wake watenganishe imani na hoja, na alikuwa amepitia pia Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Alifundisha pamoja na Joseph Donders, padri wa Kiholanzi. Idara ya Falsafa ilipojitenga na ile ya dini mwaka 1980, Oruka akawa mkuu wake wa kwanza.

Hewa ya chuo wakati ule ilikuwa ya kupangua. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wameandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, ikae katikati ya masomo. Fasihi ilikuwa na bahati: wimbo wa harusi ni matini, hadithi ya sungura ni matini, na mwanafunzi anaweza kuzichambua kesho asubuhi. Falsafa haikuwa na wepesi huo. Falsafa inadai hoja, na hoja inadai mwenye kuitetea.

Vitabu vilivyokuwepo havikutoa mtu huyo. Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji huko Kongo, alieleza mwaka 1945 falsafa ya Wabantu wote kwa mkupuo. John Mbiti, aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kazi pana iliyofungua milango mingi. Lakini jaribu kutunga swali la mtihani kutoka humo. Ukishaandika kwamba watu fulani wanaamini jambo fulani, mwanafunzi anaweza tu kukumbuka au kusahau. Hawezi kumbana aliyesema, kwa sababu aliyesema ni kabila zima. Mwaka 1972 Oruka aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akipinga tabia ya kuziita ngano na imani za pamoja falsafa. Makala hiyo husomwa kama ugomvi wa kinadharia, na kweli ni ugomvi. Ukiitazama kwa jicho la mpanga masomo, ni malalamiko ya mwalimu asiye na kitu cha kumpa mwanafunzi akipime.

Jibu lake lilianza kufanyiwa kazi katikati ya miaka ya 1970: utafiti wa wahenga. Oruka na wenzake walikwenda vijijini Kenya na kuuliza wenyeji ni nani anayefuatwa kwa busara. Mtu huyo aliketi nao, akaulizwa, maneno yake yakarekodiwa. Kilichofuata ndicho kiini cha ufundi wenyewe. Mzee hakuachwa baada ya kueleza mila inavyosema. Aliulizwa yeye anaonaje, na kwa nini, na kama jamii yake haikukosea. Anayeijua mila kwa kina na kuishia humo aliwekwa kundi la wahenga wa jadi. Anayeweza kusimama kando ya mila, akaikubali au kuikataa kwa sababu zake mwenyewe, akawa mhenga wa kifalsafa.

Chukua mfano wa Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kiluo aliyehojiwa katika mradi huo. Akoko alisema Waluo walikosea walipodhani Mungu wao ni tofauti na Mungu wa watu wengine. Hoja yake ni kwamba maumbile yanakwenda kwa utaratibu mmoja. Miungu ingekuwa mingi, kila mmoja na mapenzi yake, dunia ingevurugika. Hapo mwalimu wa mantiki ana kazi ya wiki mbili nzima. Nguzo ya kwanza: maumbile yana utaratibu mmoja. Nguzo ya pili: wengi wasingeweza kuleta utaratibu mmoja. Hitimisho: Mungu ni mmoja. Mwanafunzi wa miezi mitatu tu ataiona nguzo iliyolegea. Kwa nini miungu mingi isikubaliane? Baraza la wazee hukubaliana. Akishaliona hilo, ameanza kumjibu Akoko, na Akoko amekoma kuwa kielelezo cha makumbusho.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichochapishwa Leiden mwaka 1990, kina umbo la kozi. Kinaanza na maelezo ya mbinu, yakafuata mazungumzo na wahenga, kisha sehemu nzima ikaachiwa wakosoaji. Kati yao yumo Peter Bodunrin wa Nigeria, mwenye pingamizi linalouma: kama ni mwanafalsafa msomi aliyeuliza na kusukuma hadi hoja ikatoka, hoja hiyo ni ya nani? Kuna mengine ya kuhoji. Mmoja wa wahenga waliosifiwa, Oruka Rang'inya, alikuwa baba yake Oruka mwenyewe. Wanawake walikuwa wachache mno. Mpanga masomo mzuri haondoi kasoro hizo kwenye silabasi. Anazifanya maswali ya insha, na wanafunzi hujifunza zaidi humo kuliko kwenye sifa.

Juni 1980 UNESCO iliwakutanisha Nairobi wataalamu wa ufundishaji na utafiti wa falsafa barani Afrika. Kwasi Wiredu wa Ghana alipendekeza jambo dogo kutamka na gumu kutenda: tatizo lolote la falsafa lililoandikwa kwa lugha ya kigeni, jaribu kulifikiri kwa lugha yako uone kama bado ni tatizo. Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake tayari. Mwandishi wa Kiacholi Okot p'Bitek alisimulia jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kitu kutoka pasipo na kitu, swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga. Wazee wakataja Rubanga, nguvu iliyoaminika kuukunja uti wa mgongo wa mtu. Jina hilo ndilo Wakristo wakapewa kuwa la Mungu.

Msomaji wa Kiswahili asipite hapo haraka. Kuumba kwetu nako ni kazi ya mikono. Anayeumba chungu anaumba udongo. Kwa hiyo swali la Okot limo ndani ya Kiswahili pia, na linafaa juma la kwanza la chuo, kabla mwanafunzi hajazoea kudhani kwamba maneno ya mwalimu na ya nyanya yake hayakutani.

Sasa hesabu, maana mpango mzuri hufia kwenye hesabu. Muhula wa Uganda kwa kawaida una wiki 15 za kufundisha na mbili za mitihani. Uniti moja ni saa 15 za darasani, hivyo kozi ya uniti tatu ina saa 45. Saa mbili za semina au kazi ya vitendo huhesabiwa kama saa moja ya mhadhara. Alama hugawanywa 30 za kazi za muhula kwa 70 za mtihani, au 40 kwa 60. Ukiwa na 30, unatoa jaribio moja na insha moja, basi. Mazungumzo na mzee hayapati nafasi, kwani kuyarekodi, kuyaandika na kuyatafsiri kunakula wiki nne kwa uchache. Ukiwa na 40 inawezekana, endapo mwalimu ataacha kutawanya alama kwenye majaribio madogo matatu.

Kwa maoni ya safu hii, kosa kubwa katika kurithi kazi ya Oruka ni kuifungia katika kozi moja ya mwishoni. Aliyepanga vizuri angeigawa: Akoko katika mantiki, Rubanga na Were katika metafizikia, Bodunrin katika elimu ya maarifa, na mazungumzo yenyewe kama kazi ya muhula wa kwanza, mwanafunzi akiwa bado anajua njia ya kwenda kwa wazee wake bila kusita.

Kwa kijana wa Kirewa kazi hiyo ingekwenda hivi. Wiki ya tatu anawasilisha maswali matano, kwa Dhopadhola na kwa Kiingereza, na anaeleza neno lipi lilimshinda. Likizo fupi ya katikati ya muhula anakwenda nyumbani. Anamwamkia mzee, anaketi, anasikiliza kwanza mila inavyosema kuhusu Were wa uani na Were wa porini. Kisha anauliza: hao ni wawili, au ni mmoja anayeitwa mara mbili? Na akiulizwa mzee na Msamia wa ng'ambo kama Were wao ni huyuhuyu, atajuaje? Wiki ya kumi anakabidhi maandishi katika lugha zote mbili: alama 10 za tafsiri na maelezo yake, 15 za kuipanga hoja ya mzee nguzo kwa nguzo, 10 za kuipinga. Tano zilizobaki ni za ukurasa mmoja anaouandika baada ya kurudi kwa mzee na kumsomea pingamizi lile, akaandika alichojibiwa.