Ukwapi na Utao Mbele ya Vivinjari: Uhakiki wa Upangaji wa Vipande vya Shairi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wapiga chapa na mafundi wa mitambo, nalo ni namna vipande viwili vya mshororo wa shairi vinavyowekwa ubavu kwa ubavu. Dai letu ni kwamba jambo hili ni la uhakiki hasa. Shairi linapotolewa kwenye karatasi na kutiwa katika tovuti, mpangilio wa vipande vyake haumo tena mikononi mwa mhariri peke yake. Humo mna mshirika wa pili, yaani kivinjari cha msomaji, na vivinjari havikubaliani. Tutaonyesha kwamba hitilafu hii inaweza kufuta kina cha kati, na zaidi ya hapo inaweza kuligeuza shairi la bahari moja likasomeka kama la bahari nyingine.

Kisa kilichotusukuma kuandika kilitokea Kitengela. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alipewa kazi ya nyumbani kuhusu shairi lililokuwa katika tovuti fulani. Mwalimu wake alikuwa amelisoma katika kompyuta mjini Kajiado, akaona tarbia ya kawaida, mishororo minne yenye vipande viwili viwili. Mwanafunzi alilisoma jioni katika simu ya mama yake. Aliandika kwamba shairi hilo ni utenzi, akatoa ushahidi: kila mshororo una kipande kimoja chenye mizani nane, vina vya mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti vinafanana, na kina cha mshororo wa nne kinarudi vilevile katika kila ubeti. Alipewa sufuri. Mzazi wake, ambaye ni jirani yetu, alituletea daftari pamoja na simu. Kijana alisema neno moja tu: "Mwalimu, sikubuni, ndivyo lilivyoandikwa." Tulipotazama tuliona kweli ndivyo lilivyoandikwa katika simu ile. Kijana alikuwa amehakiki barabara matini ambayo mtunzi hakuitunga.

2. Vipande katika karatasi

Kabla ya kuvilaumu vyombo vya leo, yafaa tukumbuke kwamba mpangilio wa vipande haukuwa mmoja tangu zamani. Katika miswada ya hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti wa utenzi mara nyingi viliandikwa katika mstari mmoja, vikitengwa kwa alama. Hati za Kilatini zilipoenea, utenzi ulizoea kuchapwa kwa mistari minne mifupi. Shairi la vipande viwili nalo limechapwa kwa namna mbalimbali. Kuna wanaoacha nafasi pana katikati ili ukwapi uwe safu na utao uwe safu, kuna wanaotosheka na alama ya mkato, na kuna wanaoshusha utao chini ya ukwapi na kuuingiza ndani kidogo.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mizani na vina ndivyo vilivyokuwa nguzo za hoja yake. Hivyo ni vitu vya sikio. Lakini msomaji asiyesikia mahadhi huvitafuta kwa jicho. Huteremka kwa safu ya kushoto akitafuta kina cha kati, kisha huteremka kwa safu ya kulia akitafuta kina cha mwisho. Nafasi ile nyeupe iliyo katikati ya ukurasa inafanya kazi ya pumzi ya mwimbaji. Ikiondoka, msomaji wa namna hii hupoteza kipimo chake.

Hapa mahali pana uzito wake. Mtoto wa Lamu au Mombasa huenda akalisikia shairi likighaniwa arusini na katika maulidi kabla hajaliona kitabuni. Kitengela ni mji wa watu waliotoka kila pembe ya Kenya, na ukielekea kusini kwa barabara ya Namanga, ukipita Isinya hadi Kajiado, unaingia katika nchi ambayo lugha ya kwanza ya wengi ni Kimaa, lugha yenye nyimbo na kanuni zake nyingine. Mwanafunzi wa huko si mjinga wa ushairi. Ila umbo la shairi la Kiswahili hulipokea kwa jicho zaidi ya sikio, na ukurasa ndio mwalimu wake wa arudhi. Ukurasa ukimdanganya, hana mahadhi ya kumsahihisha. Na ushairi haukosekani katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, ambayo ni karatasi ya Fasihi.

3. Jinsi utao unavyoanguka

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyotendeka. Namna ya kwanza ya kupanga vipande ni kupiga nafasi nyingi kati ya ukwapi na utao, kama walivyofanya wapiga taipu. Namna hii haifai kabisa, kwa kuwa kivinjari kisipoamriwa vingine huzikusanya nafasi zote zilizofuatana na kuzifanya moja.

Namna ya pili ni jedwali. Katika miaka ya 1990 ndiyo iliyotumiwa zaidi kuweka vitu ubavu kwa ubavu, ingawa jedwali lilikusudiwa kubeba takwimu. Namna ya tatu ilikuja na lugha ya mitindo iitwayo CSS, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 na kanuni zake za kwanza zikatolewa Desemba 1996. Kwa lugha hiyo kisanduku kimoja huamriwa kielee kushoto na kingine kikae kuliani kwake. Hapa ndipo vivinjari vilipoanza kugombana.

Tuchukue hesabu ndogo. Ukurasa una upana wa nukta 600. Mhariri anaugawa nusu kwa nusu: ukwapi 300, utao 300. Kisha, ili maneno yasigusane, anaongeza pambizo ya ndani ya nukta 10 kila upande wa kila kisanduku. Kwa kanuni za CSS, pambizo hiyo huongezwa juu ya upana. Kila kisanduku basi huwa 320, na viwili huwa 640. Ukurasa hauwezi kubeba 640, kwa hiyo kisanduku cha utao huanguka chini. Lakini Internet Explorer ya toleo la 5 iliihesabu pambizo ndani ya zile 300, na vipande vikakaa pamoja kwa amani. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2001, lilifuata kanuni iwapo tu ukurasa ulijitambulisha aina yake kwenye mstari wa kwanza, na usipojitambulisha lilirudia hesabu ya zamani. Matini moja, mhariri mmoja, na mashairi mawili.

Simu nazo zilileta ugomvi mwingine. Opera Mini, iliyotolewa kwa walimwengu mwaka 2006 na kupendwa sana Kenya katika simu ndogo, ilizipitisha kurasa katika mitambo yake kwanza, ikazipunguza uzito, na iliweza kuzipanga upya katika safu moja nyembamba ili zienee kwenye kioo. Kwa msomaji wa habari hiyo ilikuwa neema, maana iliokoa fedha. Kwa msomaji wa shairi ilikuwa mkasi.

Leo ugomvi wa vivinjari umepungua sana. Internet Explorer iliondolewa rasmi Juni 2022, na tangu 2017 vivinjari vikubwa vinaafikiana juu ya mpangilio wa gridi, ambao hugawa ukurasa kwa safu na mistari pasipo hila. Hata hivyo upana wa kioo haujaafikiana na mtu. Mshororo wa mizani kumi na sita unahitaji nafasi, na simu ikishikwa wima haina nafasi hiyo daima. Kwa hiyo swali limebadilika. Zamani tuliuliza namna ya kuvizuia vipande visianguke. Sasa yatupasa kuuliza vikianguka, vianguke vipi.

4. Bahari inayozaliwa na kosa

Ili kulijibu swali hilo tumetunga ubeti mmoja wa mfano:

Niliketi kibandani, shairi nikaandika,
Vipande viwili ndani, sawasawa nikaweka,
Nikafungua mjini, vipande vimetengeka,
Cha utao kimeshuka, ukwapi hauna mwenza.

Mshororo wa kwanza una alama 37 ukihesabu nafasi na mkato. Kioo kikiwa chembamba, vipande vyaweza kuanguka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kila utao kushuka chini ya ukwapi wake. Tutapata mistari minane yenye vina ni, ka, ni, ka, ni, ka, ka, nza. Jicho litasumbuka, na mwanafunzi asiye mwangalifu atahesabu mishororo minane badala ya minne. Lakini shairi lingalipo. Mpangilio wa maneno haukuguswa, na akilisoma kwa sauti atalisoma kama lilivyotungwa.

Njia ya pili hutokea pale mhariri alipotengeneza visanduku viwili tu kwa shairi zima, akatia ukwapi wote wa beti zote katika kimoja na utao wote katika kingine. Kwenye kompyuta pana, safu hizo mbili husimama pamoja na hapana awezaye kujua kosa. Kwenye simu, safu ya kulia yote hushuka chini ya safu ya kushoto yote. Msomaji atakutana na haya kwanza:

Niliketi kibandani,
Vipande viwili ndani,
Nikafungua mjini,
Cha utao kimeshuka.

Wasomaji wa jarida hili wataona mara moja kilichotokea. Hiyo ni mishororo minne ya mizani nane, mitatu yenye kina kimoja na wa nne wenye kina chake. Huo ni mwili wa utenzi. Na iwapo mtunzi wa tarbia alishikilia vina vya kituo katika beti zote, au aliweka kibwagizo, basi kina cha mshororo wa nne kitajirudia toka ubeti hadi ubeti, sawasawa na kina cha bahari katika utenzi. Kosa la fundi limezaa arudhi kamili. Hata maana haikufa kabisa, kwa kuwa vipande vya ukwapi mara nyingi hubeba kiini cha kauli, na utao huja kuikamilisha. Ndiyo maana kijana wa Kitengela hakushtuka. Angeliona upuuzi mtupu angelirudi kwa mwalimu, lakini aliona kitu chenye sheria, akaitaja sheria yake.

Hili ndilo jambo ambalo twaona halina budi kuingia katika uhakiki wetu. Kosa linalojitangaza si la kuogopwa sana. La kuogopwa ni lile linalojificha ndani ya umbo tunalolifahamu.

5. Hoja za kupinga

Yawezekana mtu akasema kwamba, kama utenzi uliandikwa kwa mstari mmoja na kwa mistari minne na ukabaki utenzi, basi mpangilio si kitu, na sisi tunaabudu ukurasa. Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili. Katika miswada na katika chapa, mapumziko ya mistari yalibadilika, ila utaratibu wa kusoma haukubadilika hata mara moja: kipande cha pili kilikuja baada ya cha kwanza. Kubadili mapumziko ni suala la sura. Kubadili utaratibu ni kuandika matini nyingine. Kwa sababu hiyo tunakubali shairi liwe na sura tofauti katika vivinjari tofauti, wala hatudai usawa wa nukta kwa nukta. Tunachodai ni utaratibu mmoja. Msomaji kipofu anayesomewa ukurasa na programu ya sauti ndiye shahidi wetu bora, maana programu hiyo kwa kawaida hufuata mfuatano wa matini ilivyoandikwa na haijali safu zinazoonekana kwenye kioo. Shairi la visanduku viwili humfikia limevunjika hata kwenye kompyuta iliyo pana.

Mwingine atasema kwamba hili lahusu ushairi wa kimapokeo tu, na kwamba tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 tumekwisha kuzoea mashairi yasiyo na vipande. Kinyume chake ndicho kweli. Shairi huru halina mizani wala vina vya kumsaidia msomaji kugundua kwamba mstari umehamishwa. Na mtunzi kama Kithaka wa Mberia, ambaye tangu Mchezo wa Karata (1997) ametumia upangaji wa maneno ukurasani kama sehemu ya usanii wake, anategemea nafasi kuliko malenga yeyote wa kale. Tarbia iliyovunjwa yaweza kuungwa upya na mtu ajuaye arudhi. Shairi la picha likivunjwa, hapana kanuni ya kulirudisha.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uwekaji wa vipande ubavu kwa ubavu ni sehemu ya uhariri wa matini, na kwa hiyo ni sehemu ya kazi yetu. Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, shairi lipangwe kwa mshororo, lisipangwe kwa safu. Ukwapi na utao wa mshororo mmoja vikae katika kifungu kimoja cha matini, kisha gridi au jedwali livitenge kwa macho tu. Pili, alama ya mkato mwishoni mwa ukwapi isiachwe kamwe, hata pale ambapo nafasi pana inatosha, kwa kuwa mkato hausogezwi na kivinjari chochote. Tatu, iamriwe kwamba utao ukishuka uingizwe ndani, ili jicho lijue kwamba una mwenzake juu, kama wapiga chapa wetu walivyokwisha kufanya bila ya kompyuta.

Kwa walimu tunaongeza neno moja. Kabla ya kusahihisha, mwalimu na aulize shairi lilisomwa katika chombo gani. Yule kijana alirudishiwa alama zake baada ya mwalimu kuishika simu ile kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa ule, hata hivyo, ulibaki kama ulivyokuwa, na kila jioni upo tayari kumfundisha mwingine kwamba tarbia ni utenzi.