Namba Tatu Ubavuni mwa Kapasita

Kapasita ya kauri ni kitu kidogo cha rangi ya kahawia, bapa kama punje ya dengu. Ubavuni imeandikwa 104. Mwanafunzi anayeingia maabara kwa mara ya kwanza huisoma mia moja na nne, na simlaumu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kusoma namba tangu darasa la kwanza. Hapa namba zinasomwa kwa namna yake: mbili za mwanzo hubaki kama zilivyo, ya tatu inataja idadi ya sifuri za kuongeza. Kumi na sifuri nne ni pikofaradi 100,000, yaani maikrofaradi 0.1. Ikifuatiwa na herufi K, kiwanda kimekiri kwamba inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 10. Naupenda sana ungwana wa herufi hiyo.

Kapasita zenye umbo la mkebe huandikwa waziwazi, 1000 µF, 25 V, na mstari wa kuonyesha mguu hasi. Lakini umeme ukizimwa, kapasita hubaki na chaji yake. Igusishe rezista miguuni kwanza, chaji iishe, ndipo ulete mita. Kapasita kubwa ya volti nyingi huua mtu.

Feni ya darini ikizunguka kivivu, fundi stadi hakimbilii kubadilisha mota. Anafungua kapasita, anasoma 2.5 µF, anapima, anakuta 1.6. Kazi imekwisha.

Kipimo nikipendacho kuliko vyote hutumia saa. Betri ya volti 9, rezista ya kilo-omu 100, kapasita ya mkebe ya maikrofaradi 100, na mita ya dijitali ya kusoma volti. Volti hupanda mbio, kisha hupanda kwa kusuasua. Hesabu inasema sekunde ya 10 zitafika 5.7, asilimia 63 ya 9. Binti mmoja alihesabu kwa sauti, macho kwenye mita, na 5.7 ikatokea sekunde ya 11.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu. Gawa 11 kwa omu 100,000."

Akapata maikrofaradi 110. Kapasita za aina ile huruhusiwa kupotoka asilimia 20, kwa hiyo ilikuwa nzima. Akalirudia daftari lake, akaikata ile 100 aliyoiandika kabla ya kupima.