Zeze na Maneno Yake

Neno zeze halina maana moja katika vinywa vya watu, na msomaji asiyelijua jambo hili atapotea mapema. Kwa watu wa kale wa mwambao, zeze lilikuwa ubao mwembamba uliofungwa kibuyu, na nyuzi zake zilidonolewa kwa vidole. Kwa Wagogo wa Dodoma zeze lasuguliwa kwa uta, nalo lina nyuzi mbili au nne au zaidi. Sisi hapa twasema juu ya ndugu yao mdogo, zeze la uzi mmoja lenye uta, ambalo Wamakua wa Msumbiji huliita chakare, Waganda endingidi, na Wajaluo orutu. Wataalamu wengi hudhani kwamba asili ya jamaa hii ni rababa ya Waarabu, iliyopenya bara pamoja na misafara ya biashara. Dhana hiyo haimshangazi mtu wa Mikindani, ambaye bandari yake ilikuwa mlango mmojawapo wa njia ziendazo Ziwa Nyasa.

Ala yenyewe ni kitu kidogo: kipande cha mti kilichochimbwa ndani, ngozi iliyowambwa juu yake, mara nyingi ya kenge, kijiti cha kubeba uzi, na uta uliopakwa utomvu. Mkono usipohama, vidole vyapata sauti nne au tano tu. Mgeni aambiwapo haya hudhani ya kuwa kujifunza ni kazi ya juma moja. Basi na ajaribu! Uta utalia kama bawaba kavu, na kidole, kisicho na ubao wa kukiegemeza, kitaugusa uzi hewani. Akikosea kwa upana wa ukucha, kila aliyeketi barazani atajua.

Lakini ugumu mkubwa si huo. Mpigaji wa namna hii huimba na kupiga mtu mmoja, na zeze lake hutembea bega kwa bega na kinywa. Asema neno, zeze lalirudia. Anyamaza, zeze lamalizia alichokiacha. Kwa hiyo kijana ajifunzaye kwa mzee huketi na kusikiliza siku nyingi kabla hajashika uta, naye huyashika maneno kwanza. Na maneno hayo, upande huu wa Ruvuma, ni ya Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao.

Hapa ndipo penye shauri letu, nalo ni shauri la lugha kuliko la muziki. Lugha hizo tatu zina sauti ya juu na sauti ya chini ndani ya maneno, na kupanda au kushuka kwa sauti kwaweza kubadili maana au wakati wa tendo. Kiswahili kimeacha jambo hilo. Chenyewe huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mahadhi yaliyozaliwa katika lugha ya namna ile huelekea kufuata njia ya maneno yake, ijapokuwa hayafuati kila mahali, maana mwimbaji naye ana ruhusa zake. Ukiyang'oa maneno na kutia ya Kiswahili, mahadhi hubaki kama shati lililoshonewa mtu mwingine.

Tulimsikia kijana mmoja, jukwaa lenyewe hatulitaji, aliyeombwa aimbe kwa Kiswahili ili wageni wafahamu. Alikuwa na mkono mwepesi, wala hatukumwona akikosea uta. Hata hivyo kila mstari ulimwishia kabla ya zeze au baada yake, naye akaanza kuziba nafasi kwa madoido ya haraka haraka. Watu wakashangilia madoido. Kisha, alipokuwa akikaza uzi nyuma ya jukwaa, aliimba kwa Kimakonde, polepole, bila kutazama mtu, na uta ukatulia. Sisi twahukumu kwamba wimbo wa siku ile ulikuwa ule wa nyuma.

Wako watakaosema kwamba twawafungia wazee katika lugha zao, na kwamba Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mmakonde na Mmakua. Ni kweli, nasi twaandika kwa Kiswahili. Tamasha la MaKuYa, lililoanza Mtwara mwaka 2008, lilipewa jina kwa silabi zilizochukuliwa katika Makonde, Makua na Yao, na jina hilo twalisifu, kwa kuwa lakusanya bila kuyeyusha. Twakataa jambo moja tu, yaani kudhani kwamba maneno ni kifuniko cha mahadhi, na kwamba kifuniko chochote kitafaa.

Tena si haki kuwalaumu watu wa leo peke yao. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti katika mitungi ya nta. Mtungi mmoja wa namna hiyo huchukua dakika mbili tatu, na mwimbaji wa usiku kucha akakatwa palepale nta ilipokwisha. Dakika za jukwaa ni jamaa wa dakika za nta. Hata hivyo mitungi yake ina faida kuliko sahani nyingi zilizofuata.

Dawa yake si ghali. Msema-chochote aeleze maana kwa Kiswahili kabla ya wimbo, kwa maneno machache, kisha mpigaji aachwe na lugha yake. Na mwalimu wa shule apendaye kuandika nyimbo za kijijini asiandike herufi tu. Aketi na mwenye lugha, aweke alama juu ya kila silabi ipandayo, na chini ya mstari aonyeshe ni kidole gani kilichogusa uzi. Akifanya hivyo kwa nyimbo tatu tu, tutajua wapi zeze humtii msemaji, na wapi humkaidi kwa makusudi.