Heshima ya Fundi

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maseremala nao ni vivyo hivyo: huwatengenezea wengine viti vizuri, na wao wenyewe hukalia gogo. Kwa sababu hiyo twayasifu maonyesho ya samani yaliyofanywa kila mwaka na chama cha maseremala wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, tangu 1927 hata 1966. Humo mchoraji na seremala walishirikiana, huyu akileta wazo na huyu ujuzi wa mti, na kazi ikaonyeshwa kwa majina ya wote wawili. Mwaka 1949 kilionekana huko kiti cha mviringo alichokibuni Hans Wegner, kikaundwa katika karakana ya Johannes Hansen.

Lakini liko jambo litusikitishalo. Mwaka 1960 John Kennedy alikikalia kiti cha namna hiyo aliposhindana kwa maneno na Richard Nixon katika televisheni, nacho kikavuma. Leo jina la Wegner latajwa sana; la Hansen latajwa na wachache. Wala hatusemi kwamba Wegner hakustahili sifa, maana naye alijifunza useremala tangu ujana wake. Ila mchoro haukaliwi. Hukaliwa mti uliopigwa randa, ukaungwa, ukalainishwa. Heshima isiyomfikia mwenye randa ni nusu ya heshima. Basi wanaoonyesha viti au vyungu na waandike majina yote mawili, na wanunuzi wayasome.